Heshima kwa Mzee Si Kumkalisha Kitini

Katika mila zetu, za visiwani na za bara, mtu akifikia uzee huondolewa mizigo. Ndoo huchukuliwa na mjukuu, kikapu cha sokoni hubebwa na mkwe, jembe huwekwa pembeni, na mzee hutengewa kiti barazani akaambiwa apumzike, maana kazi yake ameshaifanya. Desturi hii ni ya utu na hatuna nia ya kuibeza. Hata hivyo, wakati umefika wa kuitazama upya, kwa sababu elimu ya afya imethibitisha pasi na shaka kwamba mzee anayekalishwa kutwa nzima hapumziki bali anadhoofika. Twamheshimu kwa maneno, na papo hapo twamnyang'anya nguvu za miguu yake.

Tunaloliandikia leo ni mazoezi ya nguvu kwa wazee. Hatuzungumzii mbio, wala matembezi peke yake, bali mazoezi ya kuifanyisha kazi misuli dhidi ya uzito, ili mzee aweze kuinuka, kupanda ngazi, kubeba mzigo wa kiasi chake na kujizuia asianguke. Kwa wengi wetu maneno haya huleta picha ya kijana wa mtaani anayenyanyua vyuma mbele ya kioo, na picha hiyo ndiyo inayotupoteza. Anayeyahitaji mazoezi hayo kuliko kijana yule ni bibi yake wa miaka 70.

KUTOKA KIWANDANI HADI BARAZANI

Tumeichagua Ubungo, kule Dar es Salaam, kuwa mfano wa hoja yetu kwa sababu mbili. Kwanza, Ubungo haiko mbali na maisha ya watu wa visiwani. Mzee wa Unguja, Pemba au Mafia anayevuka bahari kwenda kutibiwa Muhimbili, mara nyingi hufikia kwa mwanawe au mpwawe aliyehamia Sinza, Manzese, Mabibo au Kimara, na wengine hukaa huko miezi kadhaa. Pili, ni mahali panapoonyesha wazi namna maisha ya kazi za mikono yalivyogeuka kuwa maisha ya kukaa.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kilianza kazi Ubungo mwaka 1968. Katika eneo hilohilo kikaja Kiwanda cha Zana za Kilimo, UFI, kilichofua majembe ya kulimia mashamba ya nchi yetu. Kijana aliyeajiriwa Urafiki mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 20, leo anakaribia miaka 80. Katika ujana wake hakuhitaji kuhubiriwa habari za mazoezi. Alisimama zamu nzima mbele ya mtambo, alisukuma marobota, alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Na nyumbani mkewe alitwanga, alichota maji na alibeba kuni. Kazi yenyewe ilikuwa ndiyo mazoezi, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo.

Leo mzee huyo anaishi katika wilaya ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya milioni moja. Nyumba zimesongamana, na uwanja wa kunyooshea viungo ni haba. Unga unakuja umeshasagwa, gesi imeanza kuchukua nafasi ya kuni, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita katika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni. Haya ni maendeleo, na tuliyapigania. Haimo katika fikra zetu kumrudisha bibi kwenye kinu na mchi. Lakini kila kazi iliyoondolewa mikononi ilikuwa na zoezi ndani yake, na zoezi hilo halikutafutiwa badala. Alfajiri vijana wa vikundi vya mbio hupita barabarani wakiimba, na wazee hubaki vibarazani kuwatazama, kana kwamba jambo lile haliwahusu.

MISULI HUPUNGUA, NA MISULI HURUDI

Mwili wa mwanadamu una tabia ya kuacha kile usichokitumia. Baada ya umri wa miaka 50 hivi, misuli hupungua kwa kadiri ya asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, na nguvu zake hupungua kwa haraka zaidi. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliupa upungufu huo jina la sarkopenia, ili waganga wauhesabu kuwa jambo la kushughulikiwa wala wasiuchukue kuwa ni kudra tu ya uzee.

Umri una sehemu yake katika kudhoofika huko, lakini kukaa kuna sehemu kubwa vilevile. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya misuli ya miguu. Na tufikirie basi habari ya mzee wetu anayetoka hospitali, kisha kwa mapenzi ya watoto wake akawekwa kitandani miezi miwili, akiletewa maji, chakula na hata kopo la kunawia hapo hapo alipo.

Habari njema ni kwamba yaliyopotea yanaweza kurudi, tena hata kwa aliyezeeka sana. Mwaka 1990, mjini Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa makao ya kulelea wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutumia mkongojo. Mwaka 1994 kundi hilohilo la watafiti lilirudia kazi hiyo kwa wazee 100 dhaifu, kwa wiki 10. Waliofanya mazoezi nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Ama wale waliopewa kinywaji cha lishe peke yake bila ya mazoezi, hawakupata nguvu za kutajika. Chakula kinahitajika, lakini chakula bila ya kazi hakijengi msuli.

Hatuna haja ya kwenda Boston kwa kila ushahidi. Hapa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao hadi leo baadhi yao hutafuta chakula kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Watafiti waliowapima walieleza mwaka 2017 kwamba watu hao hufanya kazi ya kutoa jasho zaidi ya saa mbili kwa siku, na kwamba wazee wao hawakupishana sana na vijana katika jambo hilo. Shinikizo la damu na dalili nyingine za hatari ya maradhi ya moyo zikaonekana kwao kwa uchache. Mwaka 2020 ikaelezwa pia kwamba hata wanapopumzika, mara nyingi huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu huwa ingali kazini. Mkao wetu wa kitini hauna fadhila hiyo.

Faida hazikomei kwenye miguu. Msuli ndio ghala kubwa la kupokea sukari mwilini baada ya chakula, na uchunguzi wa mwaka 2012 uliofanywa Tanzania Bara kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na karibu 26 walikuwa na shinikizo la damu. Mfupa nao huimarika unapobebeshwa uzito, jambo lenye faida kubwa kwa akina mama waliokwisha kukoma hedhi. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2015, ulipima nguvu za kiganja cha watu karibu 140,000 katika nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Ilidhihirika kwamba kadiri mkono unavyopungua nguvu za kushika, ndivyo hatari ya kufariki mapema inavyozidi.

NGAZI, BOTI NA SIJIDA

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia nguvu za kushindania nishani. Tunazungumzia mambo manne au matano ambayo mzee akiyashindwa hupoteza uhuru wake.

La kwanza ni kuinuka. Mzee asiyeweza kuinuka kitini bila ya kuvutwa mkono, kesho hatakwenda msalani peke yake. Na vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. La pili ni ngazi. Pale Manzese Darajani, anayetaka kuvuka barabara kuu kwa usalama hupanda daraja la waenda kwa miguu, na mzee asiye na nguvu za mapaja huchagua kukatiza katikati ya magari. Visiwani nako, anayesafiri hupanda na kushuka ngazi ya boti bandarini Malindi au Mkoani, huku chombo kikicheza juu ya maji. La tatu ni kubeba: ndoo ndogo ya maji, kilo mbili za mchele, mjukuu anayelia.

La nne ni kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi miongoni mwao ni wazee. Mzee akivunjika nyonga, nyumba nzima husimama. Binti huacha biashara yake ili amwuguze, akiba huisha kwa matibabu, na mara nyingi mgonjwa harudii hali yake ya kwanza. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 yaliyohusu zaidi ya wazee 23,000, wakaona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa kadiri ya asilimia 23, hasa yale ya kuimarisha miguu na kutafuta mizani ya mwili.

La tano linawagusa kwa namna ya pekee waumini wa Kiislamu, ambao ndio wengi wa wasomaji wetu. Sala ni kusimama, kurukuu, kusujudu, kukaa na kuinuka tena. Dini imetoa ruhusa kwa asiyeweza asali akiwa ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema isiyo na aibu. Lakini ni wazee wangapi wanaosali juu ya kiti leo, si kwa maradhi yasiyo na dawa, bali kwa kuwa magoti na mapaja yameachwa yakalala? Mafundisho ya Mtume yamemsifu muumini mwenye nguvu, pamoja na kukiri kwamba kila muumini ana kheri yake. Anayejitahidi kuzilinda nguvu zake ili asujudu kama alivyozoea hafanyi upuuzi wa kidunia.

YANAYOSEMWA DHIDI YA HOJA HII

Wako wanaosema kwamba mzee akinyanyua uzito atachekwa. Jawabu letu ni kwamba kicheko cha mtaani hakimwugizi mtu, na kuanguka msalani kunamwugiza. Wako wanaosema kwamba kwa wanawake jambo hili si la stara. Hilo halina msingi, kwa sababu kila zoezi tutakalolitaja linaweza kufanywa uani, kwa kanga na buibui, wanawake peke yao, pasipo mwanamume kuwaona.

Wengine husema kwamba mkulima wa Pemba au wa Kwembe hana haja, maana jembe lamtosha. Ni kweli kwamba jembe ni mwalimu mzuri wa mwili, na anayelima bado yuko mbele ya anayekaa. Lakini jembe hutumikisha mgongo kuliko mapaja, hufuata msimu wa mvua, wala halimfundishi mtu kusimama imara akiteleza.

Hofu iliyo ya haki ni ya maradhi. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya kifua, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, aanze kwa daktari. Wengine waanze polepole, wasizuie pumzi wanapoinua uzito, na waache mara moja wakipata kizunguzungu au maumivu ya kifua. Maumivu madogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo si ya kawaida.

MAZOEZI YASIYO NA GHARAMA

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi ya mizani pamoja na nguvu siku tatu, mbali na matembezi au kazi ya kiasi ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hayo hayadai mitambo. Yanadai kiti kisichoyumba, ukuta, na dumu la maji.

Mzee akae kitini, akunje mikono kifuani, asimame wima kisha akae taratibu, mara 8 hadi 12. Apumzike dakika mbili, arudie. Asiyeweza aanze kwa kushika meza. Kisha asimame mbele ya ukuta, auegemee kwa viganja, akunje viwiko na kujisukuma arudi. Kisha, akiwa ameshika meza, ainuke juu ya vidole vya miguu na kushuka. Kisha ashike dumu, atembee nalo urefu wa uwanja, abadilishe mkono. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo dumu la lita tano laweza kuanza na lita moja, na kila wiki likaongezwa kidogo. Mwisho asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, akihesabu hadi kumi.

Siri yote imo katika kuongeza. Uzito usiochosha haujengi. Zoezi la kumi na mbili likiwa jepesi kama la kwanza, mzigo uongezwe. Na sahani ya mzee isiwe ugali na mchuzi mtupu. Iwe na dagaa, samaki, kunde, maharage au yai.

WAJIBU WA VIONGOZI

Taifa letu halikuanza leo kuwajali wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki zao, na hospitali nyingi za Bara zimeweka dirisha la wazee. Zanzibar, mwezi Aprili 2016, ilianza kuwalipa pensheni wananchi wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, bila ya kuuliza nani aliajiriwa na nani hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa. Hiyo ni fahari ya visiwa vyetu. Lakini twauliza: pensheni ina raha gani kwa mzee asiyeweza kutoka mlangoni kwenda kuitumia? Sarafu na nguvu za miguu ni haki mbili zinazokwenda pamoja.

Katika mazoezi nako tumepiga hatua. Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi kila tarehe 1 Januari. Bara, mwishoni mwa mwaka 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Kasoro tunayoiona ni kwamba shughuli hizi zimekuwa za kutembea na kukimbia, tena kwa siku maalumu, na mzee wa mkongojo hana nafasi ndani yake.

Mfano wa kuigwa upo. Katika mji wa Kochi, Japan, mwaka 2002 halmashauri ilianzisha mazoezi ya wazee wakiwa wamekaa vitini, wakiwa wamefungwa vizito vidogo mikononi na miguuni. Vikundi viliongozwa na wakazi wenyewe, katika kumbi za mitaa, na mpango huo ukaenea katika miji mingine. Sisi tunazo nyenzo za kufanya hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya mitaani, iliwakusanya karibu watu milioni mbili wa Bara wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Taifa lililoweza hayo kwa redio za betri haliwezi kushindwa kuwakusanya wazee 20 wa mtaa mara mbili kwa wiki.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kila mtaa wa Ubungo na kila shehia ya visiwani ianzishe kikundi cha mazoezi ya nguvu cha wazee, wanaume na wanawake mbalimbali, katika ofisi ya mtaa, uwanja wa skuli au ukumbi wa tawi la Chama. Orodha ya wazee wa pensheni ambayo masheha wanaifahamu iwe msingi wa kuanzia. Wahudumu wa afya ya jamii wafundishwe mazoezi hayo matano, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kiko Mlimani ndani ya Wilaya ya Ubungo na kinafundisha elimu ya viungo, kitoe wanafunzi wake waende mitaani kuongoza vikundi. Na viwanja vya wazi vilivyosalia vilindwe, maana kila kiwanja kinachomezwa na jengo ni mahali pamoja pa kupatia afya palipopotea.

Kwa watoto na wajukuu tunasema hivi: msaidieni mzee pale anaposhindwa, wala msimtangulie pale anapoweza. Akitaka kuinuka mwenyewe, mngojeeni. Akitaka kubeba kikapu chake, mpeni, nanyi mtembee ubavuni mwake. Na kwa wazee wetu, ambao bila ya mikono yao viwanda visingesimama wala mashamba yasingelimwa, tunasema kwa adabu: Taifa bado linahitaji busara zenu, na busara huishi ndani ya mwili. Anzeni wiki hii, kwa kiti na ukuta. Haba na haba hujaza kibaba.